Robo Mzunguko, Mara Nne kwa Siku

Asubuhi niliyoondoka Bujumbura sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekwenda kwenye maegesho ya malori kutafuta chai, nikamkuta dereva anafunga turubai juu ya magunia ya chumvi. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema Kigali. Nikamuuliza Kigali kukoje, akasema, "Vilima, baridi, na wanajeshi." Sikuwahi kuona mji wa baridi. Nikamsaidia kukaza kamba, akanifungulia mlango, basi. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1993, nilikuwa na miaka kumi na tisa, shati moja la ziada ndani ya mfuko wa nailoni, na mguu wa kushoto uliopinda kuanzia chini ya goti kwenda nje, kiasi kwamba nikisimama wima unyayo wa upande huo ulikanyaga kwa ukingo. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, si kwa kushindwa, ila sikuweza kukaa. Watu hushangaa kwamba mtu mwenye tege kali namna ile alikuwa mzururaji. Mimi nadhani nilizurura kwa sababu ya tege lenyewe. Ukifika mahali papya watu wanakutazama mguu siku mbili tatu, wanacheka, wanazoea, halafu wanaanza kukuhurumia. Nilikuwa naondoka kabla ya huruma.

Nayaandika haya kwa sababu wiki tatu zilizopita nilipigiwa simu na kijana nisiyemjua. "Mjomba Rajabu? Wewe ndiye Rajabu wa kizimba?" Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna aliyeniita hivyo, nikajua kabla hajasema. Shangazi yake, Mariamu, fundi cherehani wa Biryogo, alikuwa amefariki na kuzikwa siku hiyo hiyo. Namba yangu waliikuta imeandikwa ndani ya kifuniko cha cherehani. Sijui nani alimpa, maana mimi sikuwahi kumpigia. Nilisema pole, nikamwombea marehemu, kisha nikauliza swali la kijinga ambalo hakuna anayemuuliza mfiwa: alikuwa anatembeaje? "Miaka kumi ya mwisho hakutembea, Mjomba. Tulikuwa tunambeba."

Mariamu nilimfahamu wiki ya kwanza tu ya kufika Kigali. Nilipata kibarua katika gereji moja ya Nyamirambo, kuosha vipuri kwa dizeli na kushika taa. Mafundi walikuwa Wanyarwanda waliojifunza Kiswahili kwa madereva, na mkubwa wao aliniita Lajabu siku zote. "Lajabu, wewe iko nusu goli," alisema siku ya kwanza, akipitisha kandambili yangu kwenye uwazi kati ya magoti kama mpira. "Ukipata mguu ya pili hivi, tunafunga wavu." Walicheka, nikacheka nao, ndiyo desturi. Alipotaka kujua nalala wapi, nikasema sijui, akaninyooshea mkono kuelekea Biryogo: kuna mjane mmoja wa Kiislamu, Bi Zubeda, ana chumba cha uani. Nilipofika pale, barazani alikuwa ameketi msichana wa miaka ishirini na mbili hivi nyuma ya cherehani, anashona kanzu. Akanitazama kuanzia juu, akafika mguuni, akaacha kukanyaga. Kisha akajisukuma nyuma, akasimama kwa kushika meza, nami nikaona. Miguu yake yote miwili ilikuwa imepinda kuliko wangu. Kati ya magoti yake angeweza kupita mbuzi. "Mama!" aliita ndani bila kuniondolea macho. "Njoo uone. Mungu ametuletea mlingoti mmoja. Goli zima ninalo mimi."

Chumba nilichopewa kilikuwa na ukubwa wa kitanda na nusu. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali ya kuchoma, kuta nyingine za udongo uliopakwa chokaa, na bati lilikuwa na matundu madogo ambayo mchana yalitupa vidoa vya mwanga sakafuni. Nilikuwa nalala Jumapili navitazama vikihama. Nyuma ya ukuta wa udongo ndiko lilikokuwa jiko. Kwa hiyo nilijua kila kitu: lini maharage yamewekwa, lini sombe, yaani kisamvu, inatwangwa, na nani amegombana na nani. Jioni majirani wanaume walikaa barazani na redio, wakifuatilia mazungumzo ya amani kati ya serikali na waasi, na Bi Zubeda akiwa jikoni alisikiliza kwa hasira. "Wamesema tena?" aliuliza. "Wamesema wanazungumza, Mama. Watatia saini," Mariamu akajibu. "Watu wanaotia saini hawachimbi mahandaki," alijibu Bi Zubeda. "Zima hiyo, njooni mle." Tulikula sinia moja, ugali wa muhogo mwingi na samaki wadogo, Mariamu akiwa peke yake juu ya kigoda kwa sababu hakuweza kukunja magoti chini. Kigoda hicho hicho ndicho alichokalia akisali. Mwanzoni nilidhani kinachomsumbua ni mambo ya kuolewa, maana ndivyo wanawake wa mtaani walivyomsema wakidhani hasikii. Siku moja aliniambia mwenyewe. Wachumba, alisema, waende zao. Alichotaka ni kuketi tahiyatu, kitako kimeegemea mguu, angalau mara moja kabla magoti hayajafa kabisa. "Kila siku namsalimia Mungu nikiwa nimekaa kwenye kiti kama afisa," alisema.

Yeye ndiye aliyemgundua Dokta Kalombo. Mteja wake mmoja alikuwa mfanyakazi katika kliniki ndogo ya watawa, upande wa pili wa mji, akamletea habari kwamba amekuja daktari Mzaire, mtu wa Lubumbashi, aliyesomea huko Urusi, na amekuja na sanduku la vyuma vya kunyooshea watu. Mariamu akanitaka nimsindikize. Tulikwenda na teksi ya jirani. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono minene, na Kiswahili chake cha kwao hakikujali ngeli. Alitulaza wote wawili, akatupima kwa rula na penseli, kisha akafungua sanduku lenyewe. Ndani ya kitambaa cha kijani mlikuwa na pete za chuma zenye matundu kuzunguka ukingo wote, nyaya ngumu, skrubu ndefu, na nati kibao. Kwa mtu wa gereji ilikuwa kama kufunguliwa hazina. Nilisahau kwamba tumekuja kwa ajili ya Mariamu. Nikauliza maswali mpaka Sista muuguzi akaguna, lakini daktari alifurahi. "Tutakata mfupa hapa, chini ya goti," alisema. "Halafu hatutanyoosha. Siku saba hatugusi. Kisha tunafungua milimita moja kwa siku, basi. Mwili itaona mwanya kidogo, itasema, ah, nimepasuka, itajaza. Kesho tunafungua tena. Tunaidanganya." Nikauliza kwa nini tusifungue yote siku moja. Akanitazama sana. "Sikia, kijana. Mfupa haiko chuma. Mfupa iko shamba. Ukipita mbio, hakuna kinaota."

Tatizo ni kwamba seti ilikuwa moja tu, mali yake mwenyewe, na mkataba wake na watawa uliishia mwisho wa Januari. Alipanga mbele yetu, kwa sauti, akihesabu miezi kwenye vidole. Mimi nina mguu mmoja wa kunyoosha, kazi rahisi. Nikianza Juni, Novemba natoka. Novemba hiyo hiyo Mariamu anaingia kwa mguu wa kwanza, Januari utakuwa umenyooka na kubaki kungoja tu, na Sista ataweza kuvitoa vyuma. Kwa mguu wa pili ataomba mkataba uongezwe, Mungu akipenda. Au tuanze na Mariamu, na mimi nisubiri mwakani. Akamtazama Mariamu, yeye ndiye aliyekuja kwanza, kuamua ilikuwa haki yake. Mariamu alivuta mtandio wake. "Aanze huyu," alisema. "Nione kwanza kama hafi." Tulicheka wote, hata Sista. Nimeuwaza ule mzaha mara nyingi kuliko jambo lolote nililowahi kuambiwa. Aliogopa, kama ambavyo mtu yeyote angeogopa, akaifunika hofu kwa mzaha, na kwa mzaha huo akanipa zamu yake.

Nilipasuliwa mwezi wa sita. Walinichoma sindano ya mgongo, nikawa macho, na nyuma ya pazia nilisikia nyundo ikigonga patasi kwa utulivu, kama seremala wa nyumba ya tatu anayetengeneza dirisha. Nilimwomba Sista ashushe pazia nione, akanizaba kofi dogo la shavu. Nilipotoka, mguu wangu ulikuwa ndani ya pete nne, nyaya zikiingia upande huu wa ngozi na kutokea upande wa pili. Daktari alikiita chombo hicho aparei. Bi Zubeda, aliponiona nashushwa garini, alikiita kizimba, na jina likabaki. Kila siku alichemsha maji ya chumvi, akayapoza, akaosha tundu moja moja kwa kitambaa safi, huku akinikaripia kama ninanyanyua mguu vibaya. Harufu ya siku zile ninayo bado puani: chumvi, jasho, na vitunguu vikikaangwa nyuma ya ukuta.

Upande wa ndani wa kizimba kulikuwa na skrubu ndefu yenye nati, na daktari alinipa spana namba kumi. Robo mzunguko, alisema, mara nne kwa siku, mbali mbali. Mariamu ndiye aliyepanga saa. Alisema hatuna haja ya saa ya mkononi, adhana zipo: alfajiri, adhuhuri, alasiri, isha. Magharibi tunairuka, iko karibu mno na isha. Akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa, akachora mstari kwenye nati. Alfajiri mstari unatazama juu. Baada ya adhuhuri unatazama kulia, alasiri chini, na isha kushoto. Ukizungusha alfajiri ya kesho umerudi juu. Kila adhana ilipolia aliacha kushona, akapaza sauti, "Kizimba!" nami nazungusha, kisha anakuja kwa mwendo wake wa kuyumba, akishika ukuta, kukagua mstari. Daktari alipoonyeshwa utaratibu huo alipiga makofi. Alisema huko alikosomea hawakuwa na kitu kizuri hivyo.

Niliharibu mimi. Siku nne za kwanza nilifuata. Siku ya tano nilikuwa nimelala peke yangu, baada ya alasiri, spana mkononi, na nati ilikuwa laini, inateleza kama nati ya gari jipya. Nikaona jambo ambalo mtu yeyote aliyeshika spana angeliona: ukizungusha mzunguko mzima, chaki inarudi pale pale. Hakuna wa kujua. Nikazungusha. Ilivuta, ilichoma kwa ndani kama jino, halafu ikatulia. Kesho yake nikafanya tena. Nilikuwa na sababu, na nitazitaja kwa sababu nilizitaja kwa dhati wakati ule. Kwanza, nilitaka kuona. Sikumwamini mtu aliyeniambia shamba wakati naona chuma. Pili, sikuwahi kukaa chumba kimoja kwa muda ule, na vidoa vya mwanga sakafuni vilikuwa vimeanza kunitia wazimu. Tatu, nilijiambia kwamba namfanyia Mariamu. Nikimaliza mapema, anaingia mapema. Sababu hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ilinifanya nizungushe kwa raha.

Wiki mbili zilipita hivyo. Tulipaswa kwenda kliniki Ijumaa moja, lakini kwenye kizuizi cha barabarani wanajeshi walisimamisha teksi, mmoja akaingiza kichwa, akaona mguu wangu. Akarudi nyuma, akaishika bunduki vizuri. "Hii nini? Antena?" "Ni ya mfupa, afande." "Unaongea na nani kwa hii?" Mariamu, aliyekaa mbele, akageuka. "Anaongea na Mungu, afande, na hajibiwi." Askari wa pili akacheka, wa kwanza hakucheka. Akaomba vitambulisho, changu cha Burundi akakishika muda mrefu sana, akakigeuza, akamwonyesha mwenzake. Hatimaye wakaturudisha tulikotoka. Dereva alituteremsha Biryogo, na wiki iliyofuata alikataa kutupeleka tena. Kwa hiyo daktari aliniona tena baada ya siku ishirini na kitu, na nilipoingia kwa magongo alisimama mlangoni. Mguu ulikuwa umenyooka kama mwenzake.

"Upesi hivi?" alisema. Hakutabasamu. Akanipeleka kupigwa picha ya mfupa. Aliibandika dirishani, mwanga wa mchana ukapita ndani yake, nikaona mfupa wangu kwa mara ya kwanza: ncha mbili nyeupe, na katikati yake weusi mtupu wenye umbo la kabari. Akaweka kidole kwenye weusi. "Hapa tunataka wingu. Mfupa changa inaonekana kama wingu. Iko wapi wingu?" Nikasogea karibu na picha. "Ulizungusha ngapi?" "Robo, Dokta. Mara nne." "Kila siku?" "Kila siku." Akamgeukia Mariamu, aliyekuwa ameketi benchi la ukutani na mikono yake mapajani. "Mariamu, ni kweli?" "Chaki haikudanganya, Dokta," alisema. Daktari alivua miwani. Alisema huenda ni chakula, huenda ni malaria, wapo watu ambao mfupa wao ni mvivu. Nilimwona akitafuta kosa kwenye mikono yake mwenyewe, akirudia kwa sauti ndogo jinsi alivyokata, na sikufungua mdomo. Nikarudi nyumbani na amri mpya: kurudisha nati nyuma, taratibu, mpaka ncha zikaribiane, kungoja, kisha kuanza upya kwa nusu ya mwendo wa kwanza.

Hayo yalikula mwaka. Nilizungusha kurudi nyuma, na nikaona kwa macho yangu tege likirejea mguuni kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikangoja. Nikaanza tena. Safari hii sikuongeza hata unywele. Nilikuwa nashika spana kwa vidole viwili kama kijiko cha dawa. Mwezi wa nane majirani walikuja na habari kwamba saini zimetiwa kweli, na Bi Zubeda akapika pilau. Mwezi wa kumi redio ikasema habari za Bujumbura, rais ameuawa, watu wanachinjana vijijini, na nikajua siwezi kurudi nilikotoka hata nikitaka. Mafundi wa gereji waliokuwa wanakuja kunitazama Jumapili wakapungua, na wale waliobaki hawakukaa tena upande mmoja wa benchi, kila kabila lilikaa kwake. Utani wa nusu goli ukaisha. Barazani watu wakaanza kutaja majina kwa sauti ya chini: fulani amehama, fulani amepeleka wanawe kwa bibi yao, fulani amepewa mafunzo ya silaha. Novemba ikafika. Mariamu alikuwa amefungasha kapu tangu Oktoba: kanga mbili, sabuni, beseni dogo, kigoda. Kapu lilikaa karibu na cherehani. Picha ya Novemba ilionyesha wingu, jembamba. "Bado," daktari alisema. Ya Desemba wingu lilikuwa zito kidogo. "Bado." Mariamu alirudi kushona, kapu likabaki pale pale, na mama yake akawa analifuta vumbi.

Kizimba kilitolewa wiki ya mwisho ya Januari. Mariamu alikuja na kapu. Nakumbuka Sista akiliona, akimtazama daktari, daktari akilitazama, kisha akiinamia mguu wangu mpaka waya wa mwisho ulipovutwa kwa koleo na damu kidogo ikafutwa. Mguu wangu ulikuwa mwembamba, wenye magamba, umenyooka. Daktari aliosha pete moja moja kwenye beseni, akaikausha, akaifunga kwenye kitambaa cha kijani. Mariamu akasema, "Dokta, mimi niko tayari leo." "Ninaona, dada yangu." "Nimefunga tangu jana, sijala kitu, kama mlivyomwambia huyu." Akaendelea kufunga vyuma vyake. "Jumamosi naenda. Siwezi kufungua mfupa ya mtu halafu nipande gari." "Sista atazungusha." "Na kama hakuna wingu? Umeona mwenyewe kwa Rajabu. Nilikuwa hapa, na ilikuwa hivyo. Nikiwa siko?" Ndipo nilipoelewa jinsi uongo wangu ulivyofanya kazi hadi mwisho. Aliondoka akiamini kwamba njia yake inaweza kushindwa bila sababu, hata mtu akifuata kila kitu. Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa nimekaa kitandani, mguu wangu ukining'inia, maneno yamejaa mdomoni. Nikasema, "Asante, Dokta." Akanishika bega, akafunga sanduku.

Nilimwambia Mariamu ndani ya Ramadhani, alasiri, alipokuwa anashona nguo za Idi na foleni ya wateja imefika uani. Nilikuwa nimejifunza kutembea bila gongo. Nikakaa kwenye ngazi ya baraza. "Dada Mariamu, nataka kukuambia kitu." "Kama ni ule mzunguko wako wa alasiri," alisema bila kuinua kichwa, "nyamaza. Nimefunga." Akashona mpaka mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno. Kisha akaeleza, polepole, kama anayemweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Ijumaa ya kwanza, mama yake aliponiosha, yeye alikuwa amepima nafasi kati ya pete mbili kwa futi yake. Fundi hupima, hawezi kujizuia. Ijumaa iliyofuata akapima tena. Akajua.

"Kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa wewe, ungesema?" Aliokota kitambaa kingine. "Nilihesabu. Kwa mwendo ule ungetoka Septemba. Mimi ningeingia Septemba. Nikawa nasikia unavyougua usiku, nasema, mwache, anavumilia kwa ajili yangu. Kila alasiri nilikaa hapa nikiisikia spana yako, nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili Mama asisikie."

Mteja mmoja akauliza kama gauni la mwanawe limekwisha. Mariamu akamjibu kwa Kinyarwanda, kwa upole, arudi kesho. Akanigeukia. "Tuliiba wote wawili, Rajabu. Ila wewe umeondoka na mguu." Nilianza kulia. "Usinililie hapa," alisema. "Wateja wanaona."

Mpwa wake aliniambia kwenye simu kwamba Aprili ile ya mauaji, mtaa ulipoanza kukimbia, Mariamu alibaki ndani kwa sababu hakuweza kukimbia, na ndiyo sababu akapona; wengi waliokuwa na miguu mizima walikimbia moja kwa moja hadi kwenye vizuizi. Alinieleza ili nifarijike. Sijui alijua nini. Nimelijaribu neno hilo kila upande kama nati isiyoingia. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba mwenye miguu miwili iliyonyooka angejua kubaki ndani vilevile. Na baada ya Aprili kulikuwa na miaka thelathini, na kila siku ya miaka hiyo ina sala tano. Siku hizi nikipita Kigali naona vijana kwenye vituo vya basi vya Kacyiru wana pete kama zile mguuni, suruali imechanwa pembeni, wanachezea simu, hakuna anayewashangaa. Mwaka juzi nilimuuliza mmoja anazungusha mara ngapi. Akasema nne. Nikamwambia usiongeze. Akanitazama kama mzee mwenye kichaa, akasogea.

Niliondoka baada ya Idi, katikati ya Machi. Bi Zubeda alinifungia chapati. Mariamu alinipa mkono bila kuinuka, akasema, "Haya, nenda, si unatembea," nami nikatembea. Lori la mashariki lilinivusha mpaka wa Rusumo, na jingine likanishusha Ngara adhuhuri, mji mdogo juu ya kilima, upepo mwingi, simjui mtu. Niliuliza gesti ya bei nafuu nikaelekezwa kwa mama mmoja mwenye nyumba za vyumba vilivyopangwa kwenye mteremko. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Kigali, akauliza kukoje huko, nikasema baridi. Akasema vyumba vya chini vimejaa, kimebaki kimoja tu, kule juu kabisa, nyuma ya tangi la maji. Wageni hawakipendi, ngazi zake ni nyingi na za mawe, wazee na wagonjwa anawaweka huku chini. Kisha akanitazama kuanzia juu mpaka chini, kwa jicho la mtu anayepanga mizigo, na jicho lake halikusimama popote.

"Lakini wewe kijana una miguu," alisema, akinipa ufunguo. "Panda tu."

Nikapanda. Zilikuwa ngazi hamsini na moja, na mguu haukuuma hata mara moja.